Jamvi Jipya Lina Nyufa? Anza na Maji

Vijana wenzangu, pesa ya korosho ikishaingia baada ya minada, hapa Kitangari kila kona utaona tofali na mifuko ya saruji. Safi sana, jengeni. Ila naitwa mara nyingi kuangalia korosho zilizoshika unyevu, na nikisogeza gunia nakuta sakafu ya nyumba mpya imepasuka. Mimi ni bwana shamba, si fundi ujenzi, lakini sakafu ikianza kuharibu mazao nayo inanihusu.

Wengi wanalaumu saruji. Mara nyingi shida ni maji. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Linakuwa gumu kwa sababu saruji inashikana na maji. Jua na upepo wa huku juu vikiyanyonya mapema, jamvi linasinyaa likiwa bado changa, linapasuka. Na kwetu uwanda wa Makonde maji ni ya kusukumwa kutoka Mitema au kununua kwa dumu, kwa hiyo watu wanaona uchungu kuyamwaga sakafuni.

Ajabu ni kwamba maji hayohayo yanazidishwa wakati wa kuchanganya, ili zege liwe laini. Mfuko wa kilo 50 unatosha lita 25 hivi. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Yaliyozidi yakishatoka, zege linasinyaa zaidi na linabaki dhaifu.

Sababu nyingine ni kifusi. Kikirundikwa chote kwa siku moja, baadaye kinashuka. Jamvi linabaki na uwazi chini, ukipanga magunia linavunjika.

Fanya hivi:

1. Weka akiba ya maji ya siku saba kabla ya kununua saruji.
2. Jaza kifusi kwa tabaka za sentimita 15, lowesha na shindilia kila tabaka.
3. Tandika nailoni, kisha mwaga zege asubuhi na mapema au jioni.
4. Zege likishashika, lifunike kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu. Yasikauke kwa siku saba. Ukifunika, maji kidogo yanatosha.
5. Chumba kikubwa kigawe kwa mikato, kila mita 3 hivi.

Na kama limeshapasuka? Ufa mwembamba kama unywele, usioongezeka, kwa kawaida hauangushi nyumba. Uzibe, na magunia yakae juu ya chaga. Lakini upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, au ufa ukipanda ukutani, usiufiche kwa plasta. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, kisha muone mhandisi wa halmashauri. Ukivuka alama, ujue chini bado panashuka.

Mche wa mkorosho hamuuachi bila maji wiki ya kwanza. Jamvi nalo lipeni siku zake saba.