Saketi RC na umbo la mawimbi ya umeme

Saketi RC ni saketi ya umeme yenye vipande viwili tu: rezista (R) na kapasita (C). Pamoja na urahisi wake, saketi hii hubadilisha umbo la wimbi la umeme linaloingizwa ndani yake. Wimbi lenye kona kali linaweza kutoka likiwa limeviringika, likiwa na sura ya pembetatu, au likiwa miiba mitupu, kutegemea kasi ya wimbi hilo, ukubwa wa vipande na jinsi vilivyopangwa. Saketi za namna hii zimo katika redio, chaja na vikuza sauti. Waya mrefu nao huwa saketi RC bila mtu kukusudia, na jambo hilo liliwagharimu sana wahandisi wa simu za maandishi katika karne ya 19.

Jinsi inavyofanya kazi

Kapasita ni mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami. Hutunza chaji ya umeme, na volti yake hupanda kadiri chaji inavyoongezeka. Kwa kuwa chaji hupitia kwenye rezista kabla ya kufika, volti ya kapasita haiwezi kuruka ghafla kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Mfano wa karibu ni pipa tupu lililounganishwa kwa chini na tangi kubwa lililojaa maji, kwa mpira mwembamba. Mwanzoni maji huenda kwa nguvu, kisha hupungua kasi kadiri kina cha pipa kinavyokaribia kile cha tangi.

Ukinzani ukizidishwa kwa uwezo wa kapasita hupatikana muda maalumu wa saketi, unaoandikwa kwa herufi ya Kigiriki τ (tau):

τ = R × C

Rezista ya omu 10,000 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 hutoa τ ya sekunde 0.001, yaani milisekunde 1. Baada ya muda huo kapasita iliyokuwa tupu hufikia takriban asilimia 63 ya volti ya chanzo, na baada ya τ tano hupita asilimia 99. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kapasita hujaa kabisa baada ya τ moja, sivyo. Kwa hesabu kamili haijai kamwe, ila baada ya τ tano tofauti iliyobaki ni ndogo mno kwa kazi za kawaida.

Wimbi la mraba

Wimbi la mraba hukaa juu kwa muda, likashuka ghafla, likakaa chini kwa muda uleule. Tuseme wimbi la volti 0 hadi 5 linaingizwa katika saketi iliyotajwa hapo juu, na volti inapimwa kwenye kapasita.

Wimbi likiwa na marudio ya hezi 50, kila nusu huchukua milisekunde 10, ambazo ni τ kumi. Kapasita hupata muda wa kutosha kujaa na kumwaga, hivyo wimbi linalotoka bado ni la mraba, isipokuwa kona zake zimeviringika kidogo. Marudio yakipandishwa hadi hezi 500, kila nusu ni τ moja tu. Sasa kapasita inakatizwa njiani: kabla haijajaa inaamriwa kumwaga. Saketi ikishatulia, volti hupanda na kushuka kati ya takriban 1.34 na 3.66, kwa umbo linalofanana na pezi la papa. Katika hezi 5,000 hubaki mchezo wa robo volti hivi kuzunguka volti 2.5, na mistari yake imenyooka karibu sawa na pembetatu. Saketi haikuguswa, kilichobadilika ni kasi ya wimbi.

Volti ikipimwa kwenye rezista badala ya kapasita, matokeo huwa kinyume. Wimbi la polepole hutoka kama mwiba mkali juu kila volti inapopanda ghafla, na mwiba mwingine chini kila inaposhuka. Mafundi hutumia miiba hiyo kuamsha saketi nyingine kwa wakati halisi unaotakiwa.

Kwa nini wimbi la sine halibadiliki umbo

Wimbi la sine, lile linalopanda na kushuka kwa ulaini, hutoka katika saketi RC likiwa bado la sine. Hupungua kimo na huchelewa kidogo, basi. Katika mfano wetu, kwenye marudio ya hezi 159 hivi, ambayo ni 1/(2πRC), kimo cha wimbi kwenye kapasita hushuka hadi asilimia 71 na wimbi huchelewa nyuzi 45.

Ufunguo wa jambo hili ulitolewa na mwanahisabati wa Ufaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto. Wimbi lolote linalojirudia linaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi ya sine. Wimbi la mraba lina sine ya msingi, pamoja na sine ya marudio mara tatu yenye kimo cha theluthi moja, ya mara tano yenye kimo cha sehemu ya tano, na kuendelea kwa namba witiri. Kona kali hutokana na sine za marudio makubwa. Kapasita ikizipunguza hizo kuliko nyingine, kona lazima ziviringike.

Kebo ya Atlantiki

Kebo ya kwanza ya simu za maandishi kati ya Ireland na Amerika Kaskazini ilikamilika Agosti 1858. Waya wake wa shaba, kihami kilichouzunguka na maji ya bahari yaliyo nje vilifanya kapasita moja ndefu ajabu, na shaba yenyewe ilikuwa na ukinzani. Ishara fupi iliyoingizwa upande mmja ilitoka upande wa pili ikiwa imetandazwa, na ishara zilizofuatana zikamezana. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16 kufika.

Mwanafizikia William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alikuwa ameonya mapema. Urefu wa kebo ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara mbili na uwezo wa kuhifadhi chaji huongezeka mara mbili, hivyo ucheleweshaji huwa mara nne. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wa kebo hiyo, aliipinga hesabu hiyo na kuamini kwamba volti kubwa ingetosha. Alitumia volti zipatazo 2,000. Hazikuondoa ucheleweshaji, kwa maana τ haitegemei volti hata kidogo. Kebo, ambayo tayari ilikuwa na kasoro, ikafa baada ya wiki chache. Dawa ya Thomson ilikuwa shaba nene, kihami bora na kipimo chepesi cha kioo kinachosoma mkondo mdogo sana. Kebo ya mwaka 1866 ilifanya kazi. Zanzibar iliunganishwa kwa kebo na Aden mwaka 1879.

Matumizi na tahadhari

Umeme wa nyumbani wa hezi 50, ukipitishwa kwenye daraja la diodi, huwa vilima 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa hujaza mabonde yaliyo kati ya vilima, na kifaa hupata mkondo ulio karibu kunyooka. Kapasita hiyo ikichakaa, redio huanza kuunguruma.

Inveta za bei nafuu za sola hutoa wimbi la ngazi badala ya sine. Taa huwaka vizuri, lakini feni na transfoma huvuma na kupata joto zaidi kwa sababu ya zile sine za marudio makubwa.

Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kifaa kuchomolewa. Ile ya tanuri la mikrowevu inaweza kuua, hivyo haiguswi kabla chaji yake haijamwagwa kwa kupitia rezista inayofaa.