Tajiri Akitoa Bilioni, Nani Analipa?

Bilionea wa Marekani akitangaza msaada mkubwa, haipiti siku bila mtu kunipigia: "Kaka, huyu si anakwepa kodi tu? Hela yote si inamrudia, tena na faida juu?" Wanaouliza ni watu waliosoma, wengine wahasibu wenzangu. Hapo ndipo ninapochoka.

Tuimalize hesabu hii leo. Sheria ya Marekani haimrudishii mtoaji alichotoa. Inamruhusu tu kukiondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya serikali kuu ni asilimia 37, na kuanzia mwaka 2026 nafuu ya msaada kwa watu wa daraja hilo imewekewa kikomo cha asilimia 35. Mtu akitoa dola milioni 1 taslimu, kodi yake inapungua kwa dola 350,000. Zile 650,000 nyingine zimekwenda, hazirudi. Anayetaka kutajirika kwa njia hiyo ataishiwa mapema.

"Lakini matajiri hawatoi taslimu, wanatoa hisa." Kweli, na utamu uko hapo. Chukua hisa zilizonunuliwa kwa dola 100,000 ambazo leo zina thamani ya milioni 1. Akiziuza, faida ya 900,000 inatozwa asilimia 23.8, yaani 214,200, naye anabaki na 785,800. Akizitoa msaada kama zilivyo, kodi hiyo haimgusi kabisa, na bado anapewa nafuu kwa thamani yote ya leo, 350,000. Toa 350,000 kwenye 785,800: amepungukiwa 435,800. Zile 564,200 zilizobaki kwenye msaada wake zimebebwa na hazina ya serikali. Nafuu kubwa hiyo, tena ya kuudhi, kwa sababu walipakodi wengine wamechangia kitu ambacho hawakuulizwa. Lakini faida iko wapi? (Nimeacha kodi za majimbo na vikomo vidogo vidogo. Vinasogeza namba, havigeuzi jibu.)

Kuna jambo jingine ambalo wapigaji simu wangu hawalifikirii kamwe. Nafuu inahitaji mapato ya kupunguza, na hisa isiyouzwa haihesabiwi kuwa mapato. Bilionea anaweza kuwa na mali ya kutisha na mapato ya kawaida kwenye karatasi. Warren Buffett amelipwa mshahara wa dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mingi, na kampuni yake ya Berkshire Hathaway haina desturi ya kulipa gawio. Mwezi Juni 2021, akiwa ameshatoa hisa zilizokuwa na thamani ya dola bilioni 41 zilipotolewa, aliandika kwamba kila dola 1,000 alizotoa zilimpunguzia kodi kwa senti 40 hivi. Senti arobaini! Kama huo ndio mpango wa kukwepa kodi, basi mshauri wake afukuzwe kazi.

Faida halisi hupatikana kwenye thamani ya uongo. Kikundi cha wawekezaji kinanunua ardhi, kinaikabidhi taasisi ya uhifadhi haki ya kuiendeleza, na mthamini anaandika kwamba kilichotolewa kina thamani mara kadhaa ya bei waliyonunulia. Mpaka Desemba 2022 ndipo Bunge la Marekani lilipobana: mwekezaji asidai zaidi ya mara 2.5 ya alichoweka. Huo ni udanganyifu wa uthamini, na haufanani na bilionea anayetoa hisa ambazo bei yake inasomwa sokoni kila siku. Na kwa Tanzania, kabla hujamshuku mfanyabiashara aliyetoa madawati, kumbuka kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaweka kikomo cha nafuu ya michango ya namna hiyo kwenye asilimia 2 ya mapato ya biashara, na kodi ya kampuni ni asilimia 30. Milioni 1 ya shilingi inaokoa laki 3, basi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba imani hii inawapa matajiri mwanya. Tukibishana kama wamefaidi kodi, hatuulizi kama hela imefika.

Wapo waliosaini Giving Pledge, ahadi ya kutoa zaidi ya nusu ya mali iliyoanzishwa mwaka 2010 na Buffett pamoja na Bill na Melinda Gates. Mohammed Dewji wa Tanzania alijiunga mwaka 2016. Ahadi hiyo haimfungi mtu kisheria. Wapo wanaohamishia hisa kwenye taasisi zao za hisani, ambazo sheria inazidai kutumia karibu asilimia 5 tu ya mali kila mwaka, gharama za uendeshaji zikiwemo. Wengine huweka kwenye mifuko inayosimamiwa na taasisi kama Fidelity Charitable: nafuu ya kodi wanaipata papo hapo, ila sheria haiwapangii tarehe ya kufikisha hela kwa mhitaji. Mifuko ya aina hiyo imelaza zaidi ya dola bilioni 200. Mark Zuckerberg na Priscilla Chan walipoahidi asilimia 99 ya hisa zao za Facebook mwaka 2015, walichounda ni kampuni, si taasisi ya hisani.

Linganisha na mwenye duka wa Tanga anayetoa zaka: asilimia 2.5 ya akiba na mali yake ya biashara, kila mwaka, na kwa mafakihi wengi haihesabiki mpaka imefika mkononi mwa mstahiki. Kwa mwenye dola bilioni 100, hizo ni bilioni 2.5 kila mwaka, na hapo bado hajaitwa mkarimu, kwa sababu zaka ni haki ya maskini. Buffett mwenyewe alikiri mwaka 2010 kwamba kutoa asilimia 99 ya mali yake hakutainyima familia yake chochote inachohitaji au inachotaka, tofauti na watu wa kawaida wanaojinyima ili wachangie makanisa na shule. Kwa kipimo hicho namheshimu zaidi Chuck Feeney wa maduka ya Duty Free Shoppers. Taasisi yake aliisajili Bermuda ili asijulikane, na kwa kufanya hivyo akaikosa nafuu ya kodi ya Marekani. Zikatoka dola bilioni 8 hivi, taasisi ikafungwa mwaka 2020, naye alikuwa akiishi nyumba ya kupanga San Francisco.

Sasa wewe msomaji, haraka haraka. Habari ya msaada ikikufikia, angalia kama imelipwa au imeahidiwa. Angalia aliyepokea: ni hospitali, au ni mfuko wa mtoaji mwenyewe? Gawanya kiasi hicho kwa utajiri wake wote. Forbes huwapa matajiri 400 wa Marekani alama 1 hadi 5 za utoaji bila kuhesabu hela zilizolala kwenye mifuko. Alama 5 ni ya waliotoa asilimia 20 au zaidi, nao ni wachache. Taasisi binafsi za Marekani hujaza fomu 990-PF kila mwaka, na unaisoma bure kwenye tovuti ya ProPublica. Ruka maelezo, nenda kwenye orodha ya waliolipwa. Kampuni haijazi fomu hiyo. Hapo subiri wapokeaji wenyewe waseme, na mpaka waseme, andika sifuri.