Cheche Bila Betri

Pampu ndogo ya petroli ya kumwagilia bustani mara nyingi haina betri. Hata hivyo, kamba yake ikivutwa kwa nguvu, injini huwaka. Je, umeme wa kuiwasha petroli watoka wapi?

Jibu limo katika kanuni aliyoigundua Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831: nguvu za sumaku zinapobadilika, huzaa umeme katika waya ulio karibu. Gurudumu zito la injini limepachikwa sumaku, nayo hupita mbele ya koili yenye nyaya mbili: mnene wa mizunguko michache, na mwembamba wa mizunguko maelfu. Mkondo huzuka katika waya mnene. Mara platini huachana, mkondo hukatika ghafla, na waya mwembamba hupata volti 10,000 au zaidi. Umeme huo huruka pengo la plagi, lisilofika milimita moja, ukawa cheche.

Injini nyingi za sasa hutumia transista badala ya platini, lakini kanuni haikubadilika: kasi ndiyo izaayo cheche. Avutaye kamba polepole hataona moto, na miche yake itakauka ingawa mashine ni nzima.

Mwalimu aweza kuithibitisha kanuni hii kwa sumaku, koili na galvanomita. Lakini cheche ya injini isijaribiwe karibu na tundu la plagi lililo wazi, wala penye petroli iliyomwagika. Mvuke wake hushika moto kufumba na kufumbua.