Miche Bora ya Migomba: Piga Hesabu Kwanza Ndipo Ununue

Kila mvua zikikaribia napigiwa simu na vijana: "Bwana shamba, nataka ekari nzima ya migomba ya maabara, nianzie wapi?" Anzia kwenye hesabu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inabeba miche 450 hivi. Weka bei ya mche, usafiri, mashimo na samadi. Pesa yote hiyo inaingia ardhini kabla hujaona mkungu hata mmoja.

Kwa nini basi tunaisifia miche hii? Chipukizi unalong'oa kwa jirani linaweza kuja na fukusi, minyoo ya mizizi na unyanjano, yaani mnyauko bakteria, ugonjwa ulioingia Kagera mwaka 2006 ukaanzia Muleba. Mche wa maabara unaanza ukiwa safi. Pia unakua kwa usawa, mikungu inakomaa karibu wakati mmoja, na mnunuzi mwenye gari anapenda hivyo.

Ila elewa hapa: mche safi hauna kinga dhidi ya unyanjano. Ukiupanda kwenye shimo ulilong'oa mgomba mgonjwa jana, au ukiupogolea kwa panga la kuazima, unakufa kama ule wa zamani.

Aina ipi?
Muulize mnunuzi kwanza. FHIA-17 na FHIA-23, zenye asili ya Honduras, zina mikungu mikubwa na zinavumilia sigatoka nyeusi, lakini mlaji wa ndizi za kupika anaweza asipende ladha yake. TARIBAN 1 hadi 4, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2021, ni za kupika. Onja kabla hujapanda.

Shambani fanya hivi
1. Palipokuwa na unyanjano, ng'oa migomba yote na visiki vyake, kisha kaa angalau miezi 6 bila kupanda mgomba. Panda maharage kwanza.
2. Chukua miche iliyokwisha kukomazwa kitaluni, yenye urefu wa sentimita 30 hivi. Iliyotoka chupani moja kwa moja itaungua na jua.
3. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyoiva.
4. Panda mvua zikianza, weka matandazo. Miezi ya mwanzo mche huu hauvumilii kiu.
5. Ua dume likimaliza kutoa vichana, likate kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Panga lipitishe kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Kama mtaji ni mdogo
Usikope ili ujaze ekari. Anza na robo ekari, miche 110 hivi, iwe shamba mama. Ikizaa machipukizi ya sime, yenye majani membamba, hayo ndiyo mbegu yako ya kupanua. Menya mizizi na ganda la tunguu, zamisha kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, panda. Maji hayo yanaua minyoo na mayai ya fukusi, unyanjano hauondoki, kwa hiyo shamba mama lazima libaki safi.

Kabla ya kulipia, mwone afisa ugani wa kata yako au uliza kituo cha utafiti cha TARI Maruku. Mtu anayeuza miche njiani bila kujua aina yake, mpite. Kazi njema!