Msininunulie Sukre



Mwezi huu sitaandika juu ya mambo makubwa. Nataka tuzungumze juu ya sahani na chupa tu. Lakini najua, nikimaliza, wengine mtanikasirikia kuliko siku ile nilipohubiri juu ya zaka. Mke wangu alisoma karatasi hizi mbele ya wote, akaniambia: «Baba, ukiandika hivi, hakuna mtu atakualika tena.» Nikamjibu: «Na mimi nataka wanialike, lakini kwa namna ingine.»

Sikiliza kwanza habari yenyewe.

Chupa moja ya Fanta

Miaka kadhaa imepita. Nilipanda kutoka Minova, nikaenda upande wa Numbi, kule juu ambako vijana wetu wanachimba. Jamaa moja walikuwa wamepata mtoto, wakaniomba nije kuomba pamoja nao. Baba wa nyumba alikuwa mchimbaji, mama alikuwa analima. Mtoto mchanga alikuwa na majuma mawili.

Nilipokaa tu kwenye kiti, mama alimnong’oneza kijana wake wa miaka kama saba. Kijana akaingia ndani, akatoka na kopo limefunikwa na kitambaa, akapita nyuma ya nyumba. Kiisha muda kidogo akarudi na chupa ya Fanta. Wakanifungulia. Nikanywa peke yangu, nao watoto watano walisimama mlangoni wanahesabu namna Fanta inashuka ndani ya chupa. Wewe unajua desturi yetu: mgeni anaacha kidogo chini kwa ajili ya mdogo wa mwisho. Nami nikaacha kidogo, nikajiona mtu mwema.

Ili kumchekesha yule kijana nikamwuliza: «Haya, mwanangu, leo mama amepika nini?»

Akaniangalia sawasawa katika macho, akasema: «Pasta, maharagi ndiyo ile unakunywa.»

Mama alimtazama kwa jicho kali. Baba akakohoa. Kila mtu akanyamaza. Nami nikafahamu kwamba ndani ya kopo lile mlikuwa maharagi ya jioni, na kwamba mama mwenye kunyonyesha mtoto wa majuma mawili atalala na bugari na chumvi, kwa sababu mtumishi wa Mungu amefika.

Tangu siku ile nina maoni fulani juu ya chakula ambayo watu wengi hawayapendi. Nitakupa matano. Yapime mwenyewe.

1. Sukre si heshima

Sisi tunaita sukre zile Fanta, Coca na ndugu zao, na jina lenyewe linasema kweli. Chupa ya Coca ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari. Hesabu kama vijiko vidogo saba ao zaidi. Mbali na sukari hiyo, kwa mwili hamna kitu cha kujenga. Sasa chukua gramu 100 za maharagi makavu: zaidi ya gramu 20 ni protini, ndiyo ile inajenga mwili wa mtoto na kurudisha nguvu za mama aliyezaa. Ina chuma pia, inayosaidia damu. Mtu anayebadilisha maharagi kwa sukre anafanya biashara ya Esau. Lakini Esau alikuwa na akili kidogo kutupita: yeye aliuza haki yake ili apate dengu, sisi tunauza dengu ili tupate maji matamu.

Na arusi zetu? Tunahubiri sana juu ya kreti za Primus, na ni vizuri. Lakini juu ya kreti za sukre tunanyamaza. Nimeona jamaa wanakopa franga kwa ajili ya kreti, kisha bwana na bibi arusi wanaanza ndoa na deni. Deni halisomi kilichoandikwa kwenye chupa.

Usinielewe vibaya. Mimi mwenyewe ninaipenda Fanta, na mtoto akipewa moja siku ya Noeli, hakuna dhambi. Ninasema tu kwamba isiwe ndiyo kipimo cha upendo wetu kwa mgeni.

2. Bugari peke yake haijakuwa chakula

Hapa ndipo hata wakwe zangu wananikatalia. Kwetu, mtu akila ndizi, maharagi na avoka mpaka akashiba, atalala akisema: «Leo sikukula.» Kwa nini? Kwa sababu hakuona bugari!

Bugari ya muhogo inajaza tumbo, inampa mchimbaji nguvu ya kupiga chepe. Siikatai. Lakini katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini ni gramu moja ao mbili tu. Mtoto aliyeachishwa ziwa, ukimpa bugari na maji ya sombe kila siku, tumbo litajaa na mwili utabaki na njaa. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, uso nao unavimba. Wazee wetu walijua ugonjwa huu na kuuita bwaki. Ulikuwa mwingi katika Kivu hata huko Bukavu kukaundwa kamati yenye jina hilo, Comité Anti-Bwaki, kwa kupigana nao. Waganga wanauita kwashiorkor, jina lililotoka Ghana. Huko lilikuwa na maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani mwa mama kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Ona namna watu wa mbali waliona jambo lile lile tuliloliona sisi.

Basi oni langu ni hili: viazi, vile tunaita birayi, pamoja na maharagi na lengalenga, ni chakula kamili. Mtu aliyekula hivyo amekula. Aseme asante, aende kulala.

3. Sambaza inashinda samaki ya frigo

Vijana wengi, wakipata franga kidogo, wanapita mbele ya mama wa sambaza bila kumsalimia, wanaenda kununua samaki ya Thomson iliyotoka mbali katika barafu. Wanasema sambaza ni chakula cha wakimbizi na cha paka.

Je, unajua historia yake? Zamani ziwa letu la Kivu lilikuwa na aina chache tu za samaki. Sambaza ni mgeni. Ilitolewa katika ziwa Tanganyika na kuletwa hapa mwaka 1959, katika wakati wa Wabelgiji, ikakaa, ikazaa, ikawa chakula cha watu wa pande zote mbili za ziwa. Mpaka leo, usiku wenye giza, unaona taa za wavuvi juu ya maji, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na unasikia nyimbo zao.

Sambaza kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Na kwa kuwa tunaila nzima, kichwa na mifupa, inatupa hata kile kinachojenga mifupa na meno ya watoto. Samaki kubwa, mifupa yake unaitupa. Kama huna franga nyingi, saga sambaza kavu, tia kijiko kimoja katika uji wa mtoto. Atakunja uso siku ya kwanza. Siku ya tatu ataomba.

4. Kipande cha baba

Wababa, mnivumilie. Mimi pia ni baba.

Katika nyumba nyingi nyama ikipikwa, kipande kikubwa kinaenda kwa baba, cha pili kwa mgeni, na watoto wanapata mchuzi. Mama anapata harufu. Tunaita hiyo heshima. Tena kuna jambo baya zaidi katika makare ya madini. Siku ya kuuza, kijana anakula mishikaki kule kule kwenye shimo pamoja na wenzake, anapanguza midomo, kisha anarudi nyumbani na kuuliza: «Mboga iko wapi?» Watoto wamekula lengalenga bila mafuta, naye ananukia mbuzi!

Oni langu: kipande cha kwanza ni cha mwenye mimba, mwenye kunyonyesha na mtoto aliyeachishwa ziwa. Baba atakula kiisha. Nguvu za baba zimekwisha kujengwa. Za mtoto zinajengwa sasa, na miaka ile ikipita hairudi.

Na sisi wachungaji tusijifiche. Watu wanasema kuku akimwona pasta anakimbia. Tunacheka, lakini kuku yule alikuwa mayai ya watoto kwa miezi mingi.

5. Kahawa yetu tunaijua kwa harufu ya gunia

Milima inayotuzunguka inazaa kahawa ya arabika. Tangu wakati wa Wabelgiji tunailima. Kuna miaka ambayo haikuwa na bei hapa, wababa wakaibeba usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi walizama. Wajane wao tunaishi nao. Mwaka 2003 hapa Minova kulianzishwa ushirika wa SOPACDI, na kahawa ya wakulima wetu ikafika Ulaya na Marekani, watu wakaisifu.

Lakini ingia nyumbani mwa mkulima wa kahawa, mwombe kikombe cha kahawa. Atakuletea chai yenye sukari vijiko vitano, ao atamtuma mtoto kutafuta sukre! Ethiopia wanakunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayoilima. Kule Zanzibar na Mombasa wazee wanakaa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu, wanazungumza mpaka usiku. Sisi tunalima, tunabeba, tunazama, na hatujui ladha yake.

Kaanga kidogo katika chungu, twanga, chemsha, weka tangawizi kama unapenda. Usiwape watoto wadogo, na mwenye mimba anywe kidogo sana. Tena usiinywe, wala chai, pamoja na maharagi. Ngoja saa moja ao mbili, kwa sababu inazuia mwili kuchukua ile chuma. Mgeni ukimpa kahawa ya shamba lako, umempa jasho lako. Heshima gani inapita hiyo?

«Pasta, unatufundisha umaskini»

Nimekwisha kusikia majibu yenu. Kijana mmoja wa koro aliniambia: «Pasta, wewe umekunywa za kwako. Sasa sisi tukipata franga, unasema ni mbaya.» Ana haki ya kusema hivyo, nami sikuwa na jibu la haraka. Mtu anayeshinda ndani ya shimo siku nzima anataka kuonja kitu kitamu, ajisikie mtu kama watu wengine. Simhukumu. Ninamwomba tu afikiri nani analipa.

Mwengine alisema: «Tangu M23 walipoingia Minova tarehe 21 Januari 2025, watu walikimbia, mashamba yakaachwa. Huu ni wakati wa kuchagua chakula?» Ndugu, ni wakati huu zaidi. Mwenye kopo moja ndiye anapaswa kujua kopo lile lina thamani gani.

Namna nilivyorudi

Nimalize na jamaa ile ya Numbi. Kiisha miezi michache nilirudi. Nilituma habari mbele: «Msininunulie sukre. Nitakula kile kiko katika chungu.» Nilifikiri watafurahi. Kumbe, mama alilia! Baba akaniita pembeni: «Pasta, majirani watasema tumekudharau. Unatuchukulia kuwa watu wa bure?»

Hapo nilijua kwamba kukataa zawadi ya maskini pia kunaumiza. Chupa ile ilikuwa sauti yao ya kusema: sisi pia ni watu. Nikakaa chini nao, nikaomba msamaha, nikawaeleza neno la kijana wao lilivyonifuata njiani mpaka Minova. Nilikuwa nimebeba maharagi katika mfuko wangu. Nikampa mama, nikasema: «Tupikie sisi wote.»

Tulikula pamoja: bugari, maharagi, sambaza kidogo. Mama alipakuliwa wa kwanza, na mzee wa nyumba alisimamia jambo hilo mwenyewe, ingawa uso wake ulikuwa bado mzito. Kijana yule alikaa karibu na mguu wangu. Akaniuliza: «Pasta, leo haunywi?»

Nikamwambia: «Leo ninakula.»

Kwa kuzungumza nyumbani jioni

– Katika nyumba yetu, nani anapakuliwa wa kwanza? Nani wa mwisho?

– Mgeni akifika kesho, tuna nini ndani ambacho tunaweza kumpa bila kuuza chakula cha watoto?

– Vijana: siku mliyouza madini, nyumbani walikula nini?