Kibogoyo Asiye Mzee

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Neno hilo lilikusudiwa kumzuia mtu asimcheke mwenziwe mwenye kilema. Lakini kicheko kingali kikimfuata mtoto asiyeota meno. Zamani, katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi. Leo pia wako wanaotafuta hatia ya wazazi kinywani mwa mtoto.

Yafaa basi tuujue ukweli. Wako watoto wanaozaliwa na hitilafu ya urithi ambayo madaktari huiita displasia ya ektodama. Meno yao huwa machache, pengine hakuna hata moja, na yaliyoota huchongoka kama misumari. Nywele zao huwa haba, na wengi wao hawatoi jasho la kutosha, hata jua kali likaweza kuwahatarisha. Mwaka 1875 Charles Darwin aliandika habari za jamaa moja ya Sindh, ambayo leo ni jimbo la Pakistan: wanaume 10 wa vizazi 4 walikuwa na hali hiyo. Binti zao hawakudhurika, lakini waliwarithisha wana wao. Mwaka 1996 wataalamu waliigundua chembe ya urithi inayohusika. Basi si uchawi wala laana. Mama aibebaye chembe hiyo hakuichagua, kama asivyochagua kimo chake.

Wazazi wengine huambiwa wangoje mtoto akue. Maneno hayo ni kweli nusu tu. Jino la kupandikizwa, ambalo mzizi wake wa titani hukazwa mfupani, kwa kawaida hungojea taya limalize kukua. Kwa kuwa halisogei pamoja na mfupa, meno ya jirani yangeendelea kupanda, nalo likabaki chini. Lakini meno ya bandia ya kuvaa na kuvua mtoto aweza kuyapata tangu umri wa miaka 3 au 4, yakatengenezwa upya kadiri taya linavyokua. Na meno yaliyochongoka huweza kujengwa kwa dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, yakapata umbo lake.

Hapa ndipo penye mzigo. Kutengeneza upya mara kwa mara ni gharama, na mshahara wa mfanyakazi hauwezi kuibeba peke yake. Wako wasemao kwamba meno ya bandia ni pambo. La! Kwa mtoto huyu ni sawa na gongo kwa aliyekatwa mguu: kwa hayo hutafuna chakula, hutamka maneno sawasawa, na husimama darasani bila kujifunika mdomo kwa mkono. Aliyekatwa mguu haambiwi angoje miaka 15 ndipo apewe gongo. Matibabu haya yastahili kuhesabiwa katika bima na hospitali za umma kama matibabu mengine.

Nawe mzazi, mwanao akipita mwaka mmoja na nusu bila jino hata moja, usiende kwa mpiga ramli. Mpeleke kwa daktari wa meno.