Dereva wa lori hakuoni! Panda kitini mwake ujionee

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Madaktari wanaoshughulikia majeruhi hawakubaliani nao. Kwao, ajali nyingi za barabarani ni kama surua au polio: zaweza kuzuiwa kabla hazijafika hospitalini, mradi watu wafunzwe mapema.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 zaidi ya ajali hizo. Hapa Kenya, mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ilihesabu vifo zaidi ya 4,300 mwaka 2023 na zaidi ya 4,700 mwaka 2024.

Miongoni mwa kinga zilizojaribiwa kwingineko, ipo moja ambayo bado haijazoeleka kwetu. Ni maonyesho ya kuhamahama. Lori kubwa hupelekwa mahali penye watu, likaegeshwa, na mwenye gari dogo akaalikwa kupanda na kuketi penye usukani. Akiwa huko juu huulizwa swali moja tu: unaona nini?

Malori mlangoni mwetu

Mkazi wa Hurlingham aweza kudhani kuwa habari za malori ni za watu wa Salgaa, Mlolongo au Mariakani. Sivyo. Tangu majumba ya ghorofa yaanze kuchipuka Kilimani na mitaa jirani, malori ya mchanga wa Machakos, mawe ya Ndarugo, kokoto na simiti hupita kila siku katika barabara za Argwings Kodhek, Lenana na Ngong. Barabara hizo zilijengwa wakati mtaa ulikuwa wa nyumba chache zenye bustani. Leo lori, matatu, bodaboda, mkokoteni na mwanafunzi aendaye shule hugombea nafasi moja.

Barabara ya Argwings Kodhek yenyewe ina jina la wakili Mwafrika wa kwanza nchini, aliyekuwa waziri alipofariki katika barabara hiyo Januari 1969. Taarifa rasmi ilisema ni ajali ya gari, ingawa wapo wanaolitilia shaka jambo hilo hadi leo.

Walivyoanza wenzetu

Nchini Marekani, idara ya barabara kuu za serikali ilianzisha kampeni ya No-Zone mwaka 1994. Maana yake ni maeneo yanayozunguka lori ambamo gari dogo halifai kukawia, kwa sababu dereva wa lori halioni. Malori yalitiwa michoro ubavuni kuonyesha maeneo hayo, na yakapelekwa kwenye shule na maonyesho ya umma.

Jijini London, polisi walianza mafunzo waliyoyaita Exchanging Places, yaani kubadilishana nafasi. Mwendesha baiskeli hupandishwa kwenye lori huku mtu mwingine akisimama na baiskeli ubavuni. Yule aliyeketi juu hutazama vioo vyote na kugundua kwamba baiskeli imetoweka, ilhali iko mita chache tu kutoka kwake.

Jambo hili halihitaji hotuba ndefu. Mtu akiona kwa macho yake kwamba gari zima linaweza kumezwa na kivuli cha lori, halisahau upesi.

Ubao wa mji hautoshi

Karibu kila Mkenya aliyejifunza udereva anaukumbuka ule ubao wenye mchoro wa mji, wenye mzunguko wa barabara na makutano, ambao mwanafunzi husukuma kigari cha kuchezea juu yake. Hata chama cha wenye magari, AA, kilichoasisiwa 1919 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na ofisi zake papa hapa Hurlingham, kimewafunza Wakenya wengi udereva.

Ubao huo unafaa kwa kufunza nani apite kwanza. Lakini mwanafunzi huutazama kutoka juu, kama ndege, na kutoka juu kila kitu huonekana. Ubao hauna lori refu linalomficha mtoto, wala hauna uzito wa tani nyingi unaokataa kusimama.

Hatari iko kushoto

Tukiiga maonyesho ya Marekani, sharti tuyageuze. Kule dereva huketi kushoto na eneo baya zaidi liko kulia. Hapa kwetu dereva huketi kulia, hivyo eneo baya zaidi liko kushoto, kule kule ambako bodaboda na matatu nyingi hupenda kujipenyeza.

Hatari huzidi lori linapokata kona ya kushoto. Trela ndefu hulazimika kwanza kuvuta kulia ili magurudumu ya nyuma yasipande ukingo wa barabara. Nafasi hufunguka upande wa kushoto, na mwenye haraka huona amepata njia. Sekunde chache baadaye nafasi ile hufungwa na magurudumu ya nyuma. Anayenaswa hapo huvunjika nyonga na miguu na kuvuja damu ndani ya mwili, majeraha ambayo huua hata pale hospitali ilipo karibu.

Mbele ya lori pia pana giza. Dereva ameketi juu sana, na mtu aliyesimama karibu kabisa na pua ya lori haonekani, hasa akiwa mtoto. Nyuma ya trela, kioo cha ndani hakina kazi kwa kuwa mzigo umeziba kila kitu. Gari dogo likigonga trela kwa nyuma laweza kuingia chini yake. Boneti hupita bila kizuizi, na chuma cha trela hufikia kioo cha mbele, palipo kichwa cha dereva. Mshipi wa usalama hausaidii sana hapo.

Uzito haubishani na breki

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzani wa magari inaruhusu lori kubwa kabisa kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Huo ni uzito wa magari madogo zaidi ya 40. Makadirio ya Marekani ni kwamba katika mwendo wa kilomita 105 kwa saa, lori lililopakia huhitaji takriban mita 160 kusimama, wakati gari dogo huhitaji chini ya mita 100.

Kwa hivyo ile nafasi ambayo dereva wa lori huacha mbele yake si uzembe. Ndiyo breki yake. Anayejiingiza hapo amemnyang'anya breki.

Ya kushika kila siku

Kabla maonyesho hayajafika mtaani, shika haya:

1. Tazama kioo cha pembeni cha lori. Usipoona uso wa dereva humo, jua naye hakuoni.

2. Usilipite lori kwa upande wa kushoto, hata likiwa limesimama au linakwenda polepole.

3. Likiwasha indiketa ya kushoto, kaa nyuma hata kama limevuta kulia.

4. Ukilifuata, chagua mti au nguzo. Mkia wa lori ukiipita, hesabu sekunde 4 polepole. Ukiifikia kabla ya kumaliza, umekaribia mno.

5. Ukilipita kwa upande wa kulia, usikawie ubavuni mwake. Rudi kushoto tu baada ya kuona uso wote wa lori katika kioo chako cha ndani.

6. Wafunze watoto wasivuke barabara mbele ya pua ya lori lililosimama. Wasogee mbali hadi waonane na dereva macho kwa macho.

Si mzigo wa mwenye gari dogo peke yake

Itakuwa dhuluma kumwachia mwenye gari dogo lawama yote. Mnamo Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likagonga matatu, wachuuzi na wapita njia, na watu 52 wakafa. Hakuna kanuni ya kutazama vioo ambayo ingewaokoa. Wenye malori wana wajibu wa kukagua breki, kuwapumzisha madereva na kuweka vioo kamili. London imekwenda mbali zaidi: tangu 2021, malori ya zaidi ya tani 12 hayaruhusiwi kuingia jijini bila kibali kinachozingatia kiasi ambacho dereva anaona kutoka kitini.

Hata hivyo, maonyesho yangeweza kuanza bila gharama kubwa. Yatakiwa lori moja, dereva mzoefu, kamba au chokaa ya kuchora maeneo yasiyoonekana, gari dogo, pikipiki na baiskeli. Injini izimwe, ufunguo utolewe na magurudumu yawekewe vizuizi. Viwanja havikosekani: shule, makanisa, maegesho ya maduka, na Jamhuri Park kando ya Barabara ya Ngong wakati wa maonyesho ya kilimo. Wakenya tuna mazoea ya huduma zinazotufuata tulipo. Gari la sinema lilitufikia vijijini, na zahanati za kuhamahama na mahema ya kutoa damu yamefuata.

Kampuni za ujenzi zinazoleta malori mitaani mwetu zingefaa kuwa za kwanza kujitolea. Lori linalomwaga kokoto asubuhi laweza kuwa darasa Jumamosi alasiri, na waendesha bodaboda wa kituo cha jirani wawe wanafunzi wa kwanza kupanda.